Menyu Moja ya Fonti Haitoshi kwa Anayechanganya Lugha

Anayeandika Kiswahili au Kiingereza pekee huchagua fonti mara moja akasahau. Taabu humpata anayechanganya: mwalimu wa madrasa anayepanga aya ya Kiarabu na tafsiri ya Kiswahili chini yake, au mhariri wa kitabu cha Gĩkũyũ. Watengenezaji wa programu za kuandikia hawajakubaliana namna ya kumhudumia.

Wapo wanaosema apewe menyu moja tu. Programu ikikutana na herufi isiyomo katika fonti aliyochagua, iiazime kimyakimya kwenye fonti nyingine. Hoja hii ina nguvu. Watu wengi hawana haja ya kujua kwamba hakuna fonti yenye herufi zote za dunia, na familia kama Noto ya Google, inayohudumia hati (mifumo ya maandishi) zaidi ya 100, imefanya vile visanduku vitupu vinavyotokea mahali pa herufi iliyokosekana vipungue sana.

Lakini tazama neno Gĩkũyũ lenyewe likiandikwa kwa fonti ya mapambo isiyo na ĩ wala ũ. Herufi tatu kati ya sita zitatoka kwingine, nene au nyembamba kuliko jirani zake, na menyu itaendelea kuonyesha jina la ile fonti ya kwanza. Mwandishi anaona neno limeharibika na hajui aanzie wapi. Tena fonti ya kuazima hutegemea kompyuta iliyopo, hivyo waraka uliokuwa sawa nyumbani unaweza kubadilika sura ukifunguliwa kwa mchapaji.

LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, imekwenda njia nyingine. Ukiwasha lugha za Asia na zile za mpangilio changamani kama Kiarabu, unapata nafasi tatu: fonti ya hati za Magharibi, ya Asia Mashariki, na ya kundi la Kiarabu na wenzake. Kila nafasi ina ukubwa wake, na hilo ni jambo kubwa. Katika fonti nyingi, Kiarabu cha pointi 12 huonekana kidogo kando ya herufi za Kilatini, tunazoandikia Kiswahili, za pointi 12, kwa hiyo yule mwalimu anakipandisha hadi 18 bila kugusa Kiswahili chake.

Tatizo ni kwamba makundi matatu ni machache mno. Kiarabu, Kiebrania, Kihindi na Kithai vimetiwa kapu moja. Hata kugawa kwa hati hakutoshi: Kiurdu hutumia herufi za Kiarabu, lakini wasomaji wake wamezoea mtindo wa Nastaliq, ambao maneno yake hushuka mshazari, si Naskh, ule wa vitabu vingi vya Kiarabu. Unicode nayo, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, imeipa herufi 直 namba moja, ingawa Wachina na Wajapani hawaichori sawasawa. Kwa hiyo kinachopaswa kuamua fonti ni lugha.

Kwa maoni yangu, menyu moja ibaki juu kwa ajili ya walio wengi, na chini yake kuwe na mipangilio ya kila lugha kwa anayeihitaji. Kishale kikisimama kwenye herufi ya kuazima, menyu itaje fonti inayotumika kweli. Na herufi moja ikikosekana, neno zima lihamie fonti nyingine. Msomaji huvumilia zaidi neno lenye sura tofauti kuliko neno lenye viraka.

Ugumu ni programu kuijua lugha, maana watu hawasemi wanaandika lugha gani. Kibodi husaidia: aliyehamia kibodi ya Kiurdu ameshajitambulisha. Kwetu wengi huandika Kiswahili kwa kibodi ya Kiingereza, na programu hudhani ni Kiingereza, lakini kwa upande wa fonti kosa hilo halidhuru, kwa kuwa Kiswahili cha leo hakina herufi nje ya zile za kawaida. Ila maandishi yaliyobandikwa kutoka kwingine mara nyingi huja bila alama ya lugha. Hapo programu isibahatishe. Iweke alama ndogo pembeni, imwachie mwandishi aseme mwenyewe.