Hela ya korosho inambadilisha mtu au inamfunua?

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja nilikuwa Tandahimba, Mtwara, kwa mjomba, malipo ya mnada wa korosho yalikuwa yameingia benki wiki ileile na kijiji kilikuwa kimechangamka, bodaboda mpya zinapita, mabati yanashushwa, kila nyumba redio. Mjomba ni mtu mkimya, mtu wa shamba, miezi ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa anatoka alfajiri anarudi lile vumbi la njano limemjaa mpaka kwenye nyusi, na hela ya kibarua akiipata anampa mke wake yote mkononi. Sasa hela ya korosho ilivyoingia akaondoka asubuhi kwamba anaenda kutoa ada ya mtoto, akarudi siku ya tano. Ada hamna na nusu ya hela hamna. Jioni yake kwenye kahawa wazee wawili wakabishana mpaka kashata zikaisha, mmoja anasema hela imembadilisha huyu, hakuwa hivi, mwenzake anasema haijambadilisha hata kidogo, imemfunua, ndo alivyo toka zamani ila alikuwa hana kitu.

Huo ubishi nimekaa nao muda mrefu kwasababu ndo huohuo umewagawa wataalam wa saikolojia kwa karibu miaka mia sasa. Wanaouchunguza utu wa mtu mmojammoja wanauita haiba, ila ukisema haiba huku kwetu mtu anafikiria mvuto wa sura, sisi tunasema tabia. Swali lao la kwanza ni jepesi kulitamka: je ndani ya mtu kuna kitu kinachobaki vilevile leo na kesho, nyumbani na sokoni, akiwa nacho na akiwa hana? Au tabia tunayoiona ni ya pale mahali na wakati ule tu?

Wapo wanaosema kitu hicho kipo na kinapimika. Mwaka 1936 Gordon Allport na mwenzake Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 yanayoelezea watu, hoja ikiwa kwamba tofauti yoyote ya maana kati ya watu lazima lugha itakuwa imeshaipa jina. Raymond Cattell akaja na hesabu zake akayapunguza yakabaki makundi 16, na waliokuja nyuma yake wakafika matano ambayo ndo yanatumika sana leo: mtu anavyopenda mambo mapya, anavyowajibika, anavyochangamka na watu, anavyopatana na wenzake na anavyosumbuliwa na wasiwasi. Kila mtu yupo mahali fulani kwenye kila mstari, sio kwamba unayo au huna. Na hii ni tofauti na yale maswali ya mitandaoni yanayokwambia wewe ni aina fulani ya mtu kwa herufi nne, pale unakatwa unawekwa upande mmoja wakati watu wengi tupo katikati.

Kambi hii ina silaha nzito nayo ni mapacha. Kuanzia mwaka 1979 Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kuwatafuta mapacha waliotenganishwa wadogo wakalelewa nyumba tofauti, na kwenye vipimo vya tabia walikuwa wanafanana kwa kiasi ambacho malezi peke yake hayawezi kukieleza. Ukichukua tafiti nyingi za aina hiyo kwa pamoja inaonekana asilimia 40 hadi 50 hivi ya tofauti za tabia kati ya watu inahusiana na kurithi. Hapa watu wengi wanapasoma vibaya, haimaanishi nusu ya tabia yako wewe umetoka nayo tumboni, maana yake ni kwamba ukiwachukua watu wengi wa jamii moja, karibu nusu ya kinachowatofautisha inafuata damu. Na jamii zilizopimwa nyingi ni za nchi zenye uwezo ambapo watoto wengi wanakula, wanasoma na wanatibiwa. Mahali ambapo mmoja amekula na mwingine hajala sijui kama hesabu ingetoka ileile, na mi naona hilo linafaa kusemwa kila mara takwimu hiyo inapotajwa.

Kwahiyo yule mzee aliyesema imemfunua ana watu nyuma yake. Hata Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, angemwelewa, maana kwake mtu ni kama nyumba yenye ugomvi ndani, kuna tamaa inayotaka sasahivi, kuna sauti ya wazazi na jamii inayokataza, na katikati kuna akili inayojaribu kuwasuluhisha. Hela ni mlango tu uliofunguliwa. Shida ya Freud ni kwamba maelezo yake hayakosi kamwe, mjomba angetapanya hela ungesema tamaa imeshinda na asingetapanya ungesema tamaa imefichwa, sasa kitu kinachoelezea kila matokeo utakijaribuje? Carl Rogers na Abraham Maslow walikuja kuigeuza, wakasema kilichopo chini ni mbegu njema inayotaka kukua na mtu akipokelewa bila masharti atanyooka. Nawaheshimu kwa hilo ila mtu wao ni mtu peke yake, anajitafuta mwenyewe, na huku kwetu Umakondeni na Umwerani ukimtafuta mtu unamkuta yupo na mama zake na wajomba zake, huwezi kumtoa humo ukabaki na mtu.

Sasa upande wa yule mzee wa kwanza. Mwaka 1928 watafiti Hartshorne na May walichapisha kazi yao ya kuwapima maelfu ya watoto wa shule Marekani, wanawawekea nafasi za kuibia mtihani, kudanganya, kuchukua hela, mahali tofautitofauti. Wakakuta mtoto anayeibia darasani sio lazima awe ndo huyohuyo anayedanganya kwenye michezo. Yani huwezi kumpiga mtoto chapa ya mwizi kwa kumuona mara moja. Halafu mwaka 1968 Walter Mischel akaja na kitabu kilichowatikisa wote, akaonyesha kwamba ukitumia kipimo cha tabia kutabiri mtu atafanya nini mahali fulani, uhusiano mara nyingi hauvuki 0.30 kwenye kipimo ambacho 1 ndo uhakika wote. Kwa lugha yetu mbuzi hula urefu wa kamba yake, ukitaka kujua atakula nini angalia kamba kabla hujamwangalia mbuzi.

Huyu Mischel ndo yuleyule wa jaribio la watoto na pipi laini, na hapa nataka kukaa kidogo kwasababu linatugusa watu wa kusini kuliko linavyoonekana. Pale Stanford mtoto wa chekechea anawekewa kitamutamu mezani, anaambiwa ukisubiri mpaka nirudi utapata viwili. Wengine walisubiri wengine walikula. Miaka baadae waliosubiri zaidi walionekana kufanya vizuri zaidi shuleni, na dunia nzima ikaondoka na funzo kwamba subira ni tabia ya ndani na asiyekuwa nayo ameshapotea toka akiwa na miaka minne.

Sasa fikiria kangomba. Kwa asiyejua, kangomba ni ile biashara ya kununua korosho za mkulima kimyakimya nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kupeleka korosho ghalani zikauzwe mnadani, kwa bei ya kutupwa, saa nyingine zikiwa bado maua juu ya mti. Mwezi wa pili wa tatu chakula kimepungua, mtoto anaumwa, anakuja mtu na hela mkononi. Mkulima akisubiri mpaka mwezi wa kumi mnadani atapata mara mbili au tatu. Akiuza sasahivi tunamsema, hana subira, watu wa huku ndo walivyo, nimeyasikia haya kwa masikio yangu mjini Mtwara kutoka kwa watu wenye mshahara kila mwisho wa mwezi.

Ila mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walilirudia jaribio la pipi kwa njia nyingine. Kabla ya pipi mtoto aliahidiwa kalamu za rangi nzuri zaidi akisubiri. Kundi moja mtu mzima alirudi nazo kweli, kundi la pili alirudi mikono mitupu anasema samahani kumbe hamna. Baada ya hapo ndo ikaja pipi. Walioona ahadi inatimizwa walisubiri kwa wastani dakika 12, waliodanganywa dakika 3. Watoto wa aina ileile! Na mwaka 2018 utafiti mwingine wenye watoto wengi zaidi ukaonyesha kwamba ukizingatia hali ya familia na malezi ya nyumbani, ule uhusiano wa kusubiri na kufaulu baadae unapungua sana. Kwahiyo mkulima ambaye kuna mwaka aliambiwa hela inaingia wiki ijayo akakaa miezi, akiuza kangomba mwaka unaofuata, tunampima subira au tunampima alichofundishwa? Mi naona tunampima alichofundishwa, na kumuita hana subira ni kumuonea.

Lakini sitaki nionekane nimemaliza maana upande wa kwanza ulijibu, na ulijibu vizuri. Seymour Epstein mwaka 1979 alisema kosa la Mischel ni kumtazama mtu mara mojamoja, mchukue siku nyingi, jumlisha, na utaona mtu anajirudia vizuri tu. Hata mpira, huwezi kumhukumu mshambuliaji kwa penati moja, mtazame msimu mzima. Halafu mwaka 1983 David Funder na Daniel Ozer wakayachukua majaribio maarufu kabisa yanayodaiwa kuonyesha nguvu ya mazingira wakayapima kwa kipimo kilekile, wakakuta nayo yanacheza kwenye 0.40 hivi. Kwahiyo kama 0.30 ni aibu basi aibu ni ya wote wawili. Na kwenye kijiji kilekile chenye shida ileile wapo walioshikilia korosho zao mpaka mnada wa mwisho, hao nao lazima waelezwe.

Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi na ni la jando na unyago. Sisi watu wa huku tumejenga maisha yetu yote juu ya imani kwamba mtu anafinyangwa, samaki mkunje angali mbichi, mtoto anaingia anafundwa anatoka mtu mwingine mpaka jina anabadilishwa. Albert Bandura angekubali kwa sehemu, majaribio yake ya mwaka 1961 yalionyesha watoto waliomwona mtu mzima anampiga mdoli na wao wakaupiga, bila kuahidiwa zawadi yoyote, na hapo akawa amemsogeza pembeni mwanasaikolojia mwenzake Skinner aliyekuwa anaona kila kitu ni zawadi na adhabu. Ila tafiti za mapacha zinasema kitu kichungu, kwamba kulelewa nyumba moja hakuwafanyi watu wafanane tabia kwa kiasi tulichotarajia. Na tafiti za kuwafuatilia watu miaka mingi zinaonyesha uwajibikaji unapanda sana ukubwani, kati ya miaka 20 na 40, watu wanapobeba kazi na familia. Ukiniuliza, yale maneno ya kungwi sio ndo yanayombadilisha kijana kwa wiki chache zile, kinachombadilisha ni kwamba akitoka kila mtu anamchukulia kama mtu mzima, na anachukuliwa hivyo kila siku kwa miaka. Jando linaloisha kwenye muziki na sare, halafu kijana anarudi kuchukuliwa kama mtoto, halitamfanya kitu.

Na hata zile tabia tano zenyewe sio za kuzimeza tu. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake waliwapima Watsimane wa Bolivia zaidi ya 600, watu wanaolima na kuwinda, na yale makundi matano hayakutokea, walichokipata kinafanana zaidi na makundi mawili, kupatana na watu na kuchapa kazi. Niliposoma hilo nikawaza watu wa nyumbani wanavyosifiana msibani. Anachapa kazi, anaishi na watu. Basi.

Mischel mwenyewe kadri miaka ilivyoenda hakubaki kwenye kamba peke yake. Yeye na Yuichi Shoda waliwafuatilia watoto kwenye kambi ya likizo wakaona kinachojirudia kwa mtu ni mpangilio: huyu akikemewa na mkubwa anafura ila akitaniwa na wenzake anatulia, mwingine kinyume chake, na kila mmoja anarudia vilevile siku baada ya siku. Hapo ndo nilipoona wazee wote wawili walikuwa wameshika nusunusu. Mjomba hakubadilika wala hakufunuliwa, mjomba ana mpangilio wake, na mtu anayeujua hakuwepo pale kwenye kahawa.

Nilimfuata shangazi, mke wake, nikamuuliza. Hakufikiria hata dakika. Akasema mume wangu hela ya jasho anayolipwa mkononi akiwa nyumbani hajawahi kula hata mia, shida ni hela nyingi ikimkuta mjini peke yake na wenzake wanajua anayo, ilikuwa hivyo mwaka ule wa ufuta, ikawa hivyo alivyouza kiwanja, na imekuwa hivyo sasahivi. Mara tatu, kazihesabu. Msimu uliopita walienda benki wote wawili, ada wakailipa palepale kabla ya kupanda bodaboda, na mjomba ndo aliyesema twende wote.