Maji ya mfereji Makunduchi, tunywe tu au tuchemshe?

Juzi baada ya alasiri barazani petu hapa Makunduchi, kusini Unguja, mada ilikua maji, mpira uliwekwa pembeni. Mzee mmoja kashikilia kua yeye tangu kuzaliwa anakunywa maji haya haya ya hapa na hajalala hospitali hata siku moja, nyie vijana mushakua wazungu, kila mtu na chupa mkononi. Dada mmoja alikua anapita akasimama akamjibu, babu tumbo lako lishazowea, mwanangu mie kaharisha siku tatu mvua ilipoanza tu. Watu wakagawika hapo hapo.

Mie nimeifikiria nikaona wote wawili wakweli, ila kila mmoja anazungumzia maji ya pahala pengine. Babu anasemea maji yanapotoka ardhini, dada anasemea yanapofika kwenye kata ya kunywea.

Huku kwetu ni uwanda, jiwe tupu. Mito hatuna, mvua ikinyesha inazama kwenye nyufa inakwenda chini, ndo mana wazee walikua wakiteka mapangoni na maji yakitoka meupe kama kioo. Lakini chujio la maji ni udongo, na udongo wetu ni wa kuokoteza. Na makaro yetu ya vyoo je? Mengi ni shimo tu limechimbwa kwenye jiwe hilo hilo, chini halina saruji wala nini, kwa hivyo kinachozama chooni na kinachozama kutoka mawinguni njia yao moja, na masika ndo inavisukuma pamoja. Weupe wa maji hauoneshi kitu hapo. Zanzibar tangu 1978 kipindupindu kinakuja kinaondoka kinarudi, na mara nyingi kinafatana na mvua.

Halafu kuna bomba lenyewe, na hili watu hawalizungumzi. Maji yanapandishwa kwa mota, umeme ukikatika mota inasimama, bomba linabaki tupu, na pale penye ufa ambapo siku zote maji yalikua yanavuja nje sasa panavuta uchafu ndani. Umeme wenyewe tunaletewa kwa waya wa baharini kutoka bara, wanaokumbuka kiza cha 2008, na ile miezi mitatu ya kiza kuanzia Disemba 2009, wanajua tulivohangaika na madumu. Kwa hivyo hata kisima kikiwa safi vipi, maji ya mwanzo baada ya kukatika mie napigia deki.

Dawa je? Watu wanalalamika maji yananuka klorini. Shirika la Afya Duniani linataka klorini ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita mpaka kwenye mfereji wa mtu, na kikomo chake cha afya ni 5, wakati pua zetu zinaanza kuisikia chini sana ya hapo. Mie yakinuka kidogo nafurahi, yasiponuka kabisa ndo naanza kuyatilia shaka.

Sasa upande wa kuchemsha nao usijione umeshinda. Kuchemsha kunaua vijidudu, yakitokota sawasawa basi yatosha, huna haja ya kuyaacha jikoni nusu saa ukimaliza makaa. Lakini chumvi haitoki, na huku pwani ukivuta maji ya kisima kupita kiasi bahari inaingia chini kwa chini. Na naitreti, ile kemikali inayotokana na uchafu wa makaroni, nayo haitoki, ukizidi kuyachemsha maji yanapungua yenyewe inabaki, na hiyo ni hatari kwa mtoto mchanga anaekorogewa maziwa ya kopo. Tena nyumba ya watu wanane kuchemshia wote kila siku kwa makaa ya bei hii, mwanamke gani atamudu? Na akishamudu anayamimina kwenye ndoo wazi, kila mtu anachovya kata na vidole vyake, kazi yote imekwenda na maji. Dumu la mdomo mwembamba lenye kifuniko lingesaidia zaidi kuliko kuni za ziada.

Mie kwa watoto nipo na dada, na masika nipo nae kwa watu wote. Ila babu ana hoja moja ambayo hata yeye hakuisema. Tukishaamini maji ya mfereji hayanyweki, mwenye pesa ananunua katoni zake za maji ya chupa ananyamaza, na mwenye sauti akinyamaza bomba lililopasuka nani atalipigia kelele? Nnachotaka mie ni majibu ya vipimo yabandikwe kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, masika na kiangazi, tuyasome wenyewe.

Tulipokua tunaondoka nikamuuliza babu, mwaka wa kipindupindu ulikunywaje? Kanyamaza kidogo, kisha kasema mwaka ule bibi yenu alichemsha mpaka maji ya kusukutulia.