Shambulizi la kushtukiza huandaliwa timu ikiwa haina mpira

Timu ikifungwa kwa shambulizi la kushtukiza, yaani lile la haraka linaloanza mara tu mpira unapoporwa, lawama humwangukia beki aliyeachwa kwenye mbio. Ikifunga, sifa zote huenda kwa winga mwenye kasi. Sikubaliani na hesabu hiyo. Timu zenye watu wa mbio ni nyingi, zinazofunga kwa kushtukiza mechi baada ya mechi ni chache, na kinachozitofautisha ni jinsi wachezaji walivyosimama sekunde moja kabla ya kupora mpira.

Kocha anayetaka kucheza hivi ana maswali mawili ya kujibu mapema: mpira uporwe wapi, na nani asirudi nyuma.

Kwa swali la kwanza, mimi nachagua pembeni mwa eneo la viungo, mita 10 hadi 20 ndani ya nusu yetu. Hapo winga anaziba njia ya kando ya mstari ili beki wa pembeni wa mpinzani alazimike kuucheza mpira ndani, kwa kiungo wao aliyelipa mgongo lango letu. Pasi hiyo ndiyo ya kuviziwa. Anayeipokea haoni anayemjia kwa nyuma, na beki aliyeipiga kwa kawaida ameshaanza kupanda, kwa hiyo ameacha uwazi mkubwa mgongoni mwake. Ukiporea mpira kwenye boksi lako mambo ni mengine: uwanja una urefu wa mita 105 hivi, na zaidi ya 85 kati ya hizo bado ziko mbele yako. Inawezekana, lakini ni kazi ngumu.

Swali la pili ndilo hupuuzwa. Timu inayorudisha wachezaji wote 11 nyuma haimshtukizi mtu. Inaondosha mpira tu, na mpira unarudi. Angalau mmoja abaki juu, na asisimame katikati ya mabeki wawili wa kati, maana hapo anakabwa na wote. Mahali pake ni kwenye mwanya kati ya beki wa kati na beki wa pembeni aliyepanda. Akibaki hatua moja ndani ya nusu yake wakati pasi inapigwa, sheria ya kuotea haimgusi, hata kama mbele yake amebaki kipa peke yake. Inauma kuona shambulizi zuri likikatishwa na kibendera kwa sababu mshambuliaji hakuitunza hatua hiyo.

Kisha kuna pasi ya kwanza, na hapa ndipo mashambulizi mengi hufia. Timu nzuri siku hizi zikipoteza mpira hukaba papo hapo kwa sekunde 5 hivi, watu watatu au wanne wakimvamia aliyepora. Huyo mara nyingi anatazama lango lake mwenyewe au mstari wa pembeni. Kumtaka ageuke na kupiga mpira wa mita 40 ni kumwonea. Ampe kwa mguso mmoja mwenzake aliye karibu na anayetazama mbele, na huyo ndiye apige pasi ya mpenyezo. Pasi ya kwanza inautoa mpira kwenye msongamano, ya pili inavunja ukuta. Kosa la kila wiki ni kuusukuma mpira mbele kandokando ya mstari ulekule ulikoporewa, ambako ndiko wapinzani walikojazana.

Leicester City walitwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 kwa pointi 81, huku umiliki wao wa mpira ukiwa chini ya asilimia 45. Jamie Vardy alifunga mabao 24 ya ligi na watu wanakumbuka mbio zake. Mimi naanzia nyuma zaidi: kiungo N'Golo Kanté anapora, anamwachia kiungo mwenzake Danny Drinkwater hatua chache kando yake, Drinkwater ameshainua kichwa na anaudondosha mpira nyuma ya mabeki. Bila kiungo huyo anayetazama mbele, mbio za Vardy zisingekuwa na mpira wa kufukuzia.

Sehemu iliyobaki, ya kuukokota mpira na kukimbia bila mpira, inafundishwa vizuri na bao la tatu la Ubelgiji dhidi ya Japan, Kombe la Dunia la 2018. Matokeo ni 2-2, dakika ya nne baada ya 90 kukamilika. Japan wanapiga kona, kipa wa Ubelgiji Courtois anaidaka, anakimbia hadi karibu na ukingo wa boksi na kumviringishia kiungo De Bruyne. De Bruyne hakuwa na haraka ya kuachia. Aliukokota mpira katikati ya uwanja mpaka kiungo wa Japan akalazimika kumfuata, ndipo akamtilia Meunier upande wa kulia. Wakati huo mshambuliaji Lukaku alikuwa ameshakata kuelekea ndani, akamvuta beki na kumwachia Meunier njia tupu. Krosi ya chini ikaja, Lukaku akaiacha ipite, na Chadli, aliyekimbia karibu uwanja mzima, akamalizia. Yote hayo chini ya sekunde 15. Lukaku hakuugusa mpira hata mara moja, na bado bila yeye hakuna bao.

Mwenye mpira aelekee kwa beki, asimkimbie, na aachie beki akiwa mita 2 au 3 kutoka kwake. Akiachia mapema, beki anapata muda wa kumgeukia mpokeaji. Akichelewa, mguu wa beki unaufikia mpira. Wanaokimbia wagawane njia tatu: kulia, kushoto na kati. Wawili wakiingia njia moja, beki mmoja anawakaba wote wawili. Na mmoja achelewe makusudi, kwa sababu mabeki wanaorudi mbio hutazama lango lao na hawamwoni anayefika nyuma ya wenzake.

Kuhesabu mabao peke yake hakumsaidii kocha. Katika kila mipira 10 iliyoporwa, mingapi ilivuka ukabaji wa kwanza? Mingapi ilifika kwenye boksi la mpinzani? Mingapi iliishia kwa shuti? Ikikatika kwenye swali la kwanza, shida ni viungo kutosimama karibu. Ikikatika kwenye la pili, mwenye mpira anaachia vibaya au wenzake wamerundikana njia moja.

Zoezi linalotibu mengi ya haya ni washambuliaji 6 dhidi ya wapinzani 4, na mabeki wengine 2 wanaachiwa kukimbia kurudi baada ya sekunde 3. Mpira unaanzia kwa mpinzani katikati, ili lazima uporwe kwanza. Sekunde 12 hadi shuti. Zikipita, washambuliaji hawaruhusiwi tena kwenda golini mpaka wapigiane pasi 10. Makocha wengi huliacha sharti hilo la mwisho, na ndiyo maana timu zao hulazimisha shambulizi lililokwisha kufungwa, zikapoteza mpira watu wanne wakiwa juu na sita nyuma, kisha zikashtukizwa zenyewe.