Watatu kati ya elfu: barua pepe na biashara ndogo ya Dar

“Wifi, Dar hii nani anasoma imeili?” Ndivyo alivyonijibu wifi yangu, mwenye duka la vifaa vya kuokea keki Kijitonyama, siku niliyomshauri aanze kuwaandikia wateja wake barua pepe kila baada ya wiki mbili. Siku ile sikumjibu. Swali lake lilikuwa na uzito, na nilikuwa nimeshawasikia washauri wa biashara wakiliruka kana kwamba mteja wa Dar es Salaam na mteja wa London wana mazoea mamoja.

Hoja ya upande wake inaeleweka haraka. Mteja yuko WhatsApp na Instagram. Mzigo mpya ukishuka saa tatu asubuhi, picha inapanda stetasi palepale, na kabla ya saa tano mtu ameshalipa kwa Lipa Namba na bodaboda yuko njiani kwenda Tegeta. Biashara yetu ni ya maongezi pia. Mteja anauliza bei ya mwisho, anatuma sauti, anapotea, anarudi jioni na swali lingine. Barua haiwezi kubembelezana naye hivyo. Halafu kuna bando: wapo wanaonunua la mitandao ya kijamii peke yake, na kwa hao barua haifunguki hata wakiitaka.

Zito zaidi ni suala la akaunti zenyewe. Simu ya Android haikuruhusu kupakua programu Play Store bila akaunti ya Google, kwa hiyo ukihesabu juu juu, karibu kila mwenye simu janja ana anwani ya barua pepe. Lakini nyingi kati ya anwani hizo zilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa. Mwenyewe hajui paswedi, na pengine hajui hata anwani inasomekaje. Simu ikiibiwa kwenye daladala, anafunguliwa nyingine. Ukikusanya anwani 100 za namna hiyo umekusanya masanduku 100 ambayo funguo zake hakuna anayejua zilipo. Kwa mama anayeuza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambaye wateja wake humpigia kabla ya kupanda basi la kutoka mkoani, simwambii apoteze hata nusu saa kwa ajili ya barua pepe.

Ila Dar ni zaidi ya Mtaa wa Kongo. Aliyewahi kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, aliyeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, aliyesajili jina la biashara BRELA, wote walitakiwa kuwa na anwani wanayoifungua wenyewe, na wamezoea kuichungulia kwa sababu majibu yanayohusu maisha yao hupitia huko. Wafanyakazi wa ofisi za Posta na Masaki wanashinda nayo wazi mezani. Kampuni ndogo za utalii zenye ofisi mjini zinaishi kwa barua pepe, kwa kuwa Mjerumani anayepanga kwenda Serengeti huanza kuuliza miezi mingi kabla ya kusafiri na hutaka kila kitu kiwe kwenye maandishi. Na waokaji keki wa majumbani, ambao ndio wateja wa wifi, wengi wao ni wanawake wenye ajira zao, wanaooka Ijumaa usiku kwa ajili ya sherehe za Jumamosi. Watu hawa wanasoma. Sisi ndio hatujawaandikia kitu cha kusoma.

Tunachokiamini kwenye WhatsApp nacho kina mipaka ambayo wengi hawajawahi kuipima. Orodha ya kutangazia ya WhatsApp ya kawaida inabeba watu 256 tu, na ujumbe unamfikia yule aliyehifadhi namba yako peke yake. Mteja aliyekuja mara moja, akanunua sufuria ya keki akaondoka, hakuhifadhi namba. Unamtumia tangazo mwaka mzima, haoni hata moja, na hakuna anayekuambia. Stetasi nayo inaonekana kwa mtu ambaye wewe una namba yake na yeye ana yako. Instagram ndiyo inayoamua leo nani aione posti yako na nani asiione, na akaunti ikidukuliwa, wafuasi uliowatafuta kwa miaka mitano wanabaki mikononi mwa mwizi.

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Kwa saa zetu ilianza kabla ya saa moja jioni, wakati watu wamekaa kwenye foleni na simu mkononi, wakati ambao oda za kesho hutumwa. Wenye maduka niliozungumza nao kesho yake walizungumzia mauzo ya jioni ile tu. Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine: wengi wao hawakuwa na karatasi, faili wala daftari lenye majina ya wateja wao. Wateja walikuwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na mlango ulikuwa umefungwa.

Haki inanitaka niseme kwamba barua pepe haina kinga dhidi ya kila kitu. Nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 nayo ilikwama, na intaneti ilipozimwa nchini mwishoni mwa Oktoba 2025 haikufurukuta. Tofauti ni kinachotokea baadaye. Posti ya siku tano zilizopita imeshafunikwa na mia nyingine, na stetasi inafutika baada ya saa 24. Barua hukaa kwenye sanduku ikimsubiri mwenyewe. Na orodha ya anwani unaweza kuipakua kama faili, ukaiweka kwenye flashi, ukahama nayo kwenda kwa mtoa huduma mwingine.

Mpaka hapa ni hoja ya kuanzisha orodha. Kuitunza ndiko kunakowashinda watu, na hapa nina namba moja ambayo ningependa kila mwenye biashara ndogo aikariri: 0.3%.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi. Barua iwe na uthibitisho wa kitaalamu kwamba kweli imetoka kwako, unaoitwa SPF au DKIM. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa kuwa na vyote viwili, na anaongezewa uthibitisho wa tatu, DMARC, pamoja na njia ya msomaji kujiondoa kwa kubofya mara moja. Kutumia anwani ya bure ya Gmail kama mtumaji kwenye huduma za kutuma kwa wingi kunaweza kukupeleka kwenye taka, kwa hiyo ni salama zaidi kuwa na anwani yenye jina la biashara yako mwenyewe, kama zile zinazoishia na .co.tz. Yote hayo fundi anaweza kukuwekea mchana mmoja. Lisilowekwa na fundi ni sharti la malalamiko: kiwango cha wapokeaji wanaobofya kwamba barua yako ni taka kisifike 0.3%, na Google inashauri kibaki chini ya 0.1%.

Ni watatu kati ya elfu moja. Lakini biashara ndogo haina elfu moja. Chukua orodha ya watu 400. Mmoja akibofya “taka” umefika 0.25%. Wawili, umefika 0.5% na umevuka mpaka. Ukilenga ile 0.1% inayoshauriwa, unaruhusiwa chini ya nusu ya mtu, yaani usimuudhi hata mmoja. Kampuni kubwa yenye wapokeaji laki mbili inaweza kuwachosha watu mia mbili ikabaki salama. Wewe mwenye fremu moja Sinza, watu wawili waliosahau kwamba waliwahi kukupa anwani wanatosha kukuharibia jina. Na adhabu haiishii kwa hao wawili tu. Mfumo unaanza kukutilia shaka, na barua zako zinaanza kutupwa hata kwa wale 398 wanaozitaka.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi na wifi, alipokubali kujaribu, tulilifanya. Julai moja tulikuwa na meza ndogo kwenye banda la maonesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa. Tukaweka bakuli: dondosha kadi yako ya biashara, ushinde mashine ya kuchanganyia unga. Bakuli likajaa. Nilikaa usiku mbili nikinakili anwani, nikaziongeza zote kwenye orodha, nikatuma. Baadhi zilirudi kwa sababu nilizikosea. Baadhi ya watu walijibu kwa hasira. Wengine hawakujibu, walibofya tu. Miezi miwili baadaye mteja wetu wa siku nyingi alikuja dukani akauliza, “Dada, mbona mmeacha kuniandikia? Nilikuwa nasubiri ile ya krimu.” Tulifungua simu yake pamoja. Barua zetu zote zilikuwa kwenye folda ya taka.

Mtu aliyeingiza kadi kwenye bakuli alitaka mashine, hakuomba barua. Na watu wa nchi hii wamefundishwa na utapeli kumshuku kila wasiyemjua. Kila mmoja wetu ameshapokea ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Barua isiyotarajiwa, hata iwe na picha nzuri ya keki, inaingia kwenye kundi hilohilo kabla haijasomwa. Ndiyo maana wanaouza orodha za “anwani elfu kumi za wafanyakazi wa maofisini” wanamuuzia mwenye duka matatizo.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Wengine husikia hivyo wakasema basi, barua pepe ni mzigo wa sheria. Lakini namba ya simu nayo ni taarifa binafsi. Yale magrupu ya WhatsApp ambayo watu huingizwa bila kuulizwa, na namba zao zikaonwa na wageni 300, hayako salama zaidi kwa sababu tu tumeyazoea.

Tulianza upya. Mteja akilipa kaunta, wifi anamwambia: Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili ninaandika somo moja la uokaji, ukitaka nipe anwani yako. Anayesita haulizwi mara ya pili. Anayekubali anaandika mwenyewe kwenye simu ya duka, kisha anapokea barua fupi ya kuthibitisha, na asipothibitisha hatumiwi kitu. Orodha ilishuka chini ya nusu ya ile ya bakuli. Wifi alihuzunika, na namwelewa, maana namba kubwa inafariji.

Kilichoiinua tena ni somo lenyewe. Barua ya Februari ilieleza kwa nini fondanti, ile sukari laini ya kufunikia keki, hutoka jasho ukiitoa kwenye friji hapa Dar: hewa yetu ina unyevu mwingi, unyevu huo hugeuka matone ukigusa kitu cha baridi, na sukari huyanywa. Ikaeleza namna ya kuifungia keki ndani ya boksi na kuiacha humohumo mpaka ubaridi uiishe kabla ya kufunguliwa. Nyingine ilihusu krimu ya siagi inayoyeyuka kabla keki haijafika ukumbini, na kwa nini waokaji wa joto huchanganya siagi na mafuta magumu ya mimea. Bidhaa ilitajwa mwishoni, mstari mmoja, na bei yake. Kuandika “bei njoo DM” kwenye barua ni kumdharau mtu aliyekufungulia mlango.

Wapinzani wa barua pepe hupenda kuuliza zimefunguliwa ngapi, na hapo hata sisi watetezi tunapaswa kuwa waangalifu. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mwenyewe hajaigusa, hivyo mteja wa iPhone anaweza kuhesabiwa kuwa amefungua kila barua huku hajasoma hata moja. Sisi tunahesabu majibu na oda zinazotaja somo. Ni namba ndogo, lakini kila moja ina jina la mtu.

Wifi hajaacha stetasi, na sijamwomba aache. Picha za mzigo bado zinapanda asubuhi, maongezi ya bei bado yanaendelea hukohuko. Mwezi uliopita aliwaandikia wote waliokaa miezi sita bila kujibu wala kununua, akawauliza kama wangependa kuendelea kupokea. Wengi walinyamaza, naye akawatoa. Barua iliyofuata, ya namna ya kupima joto la oveni isiyo na alama, ilijibiwa na watu kumi na mmoja kabla ya saa sita mchana. Saba kati yao walimalizia kwa kuomba namba yake ya WhatsApp.