Gladstone, Disraeli na watu wasiokuwa na kura

Gladstone wa chama cha Liberal na Disraeli wa Conservative, mawaziri wakuu wa Uingereza waliopokezana madaraka katika karne ya 19, huelezwa kama usiku na mchana: huyu mtetezi wa wanyonge, yule mpenda fahari ya dola. Nimeusoma ushindani wao kwa muda mrefu, na maelezo hayo hayanitoshi.

Mwaka 1871 serikali ya Gladstone ilivitambua vyama vya wafanyakazi, kisha mwaka huohuo ikawabana wagomaji waliosimama nje ya viwanda kuwashawishi wenzao wasiingie kazini. Aliyewafungulia ni Disraeli, mwaka 1875, mwaka uleule wa sheria ya afya ya umma iliyoibebesha miji jukumu la maji safi na majitaka. Huruma? Pengine ilikuwapo. Ila tangu 1867 wafanyakazi wengi wa mijini, wanaume, walikuwa na kura, na hakuna chama kilichothubutu kuwapuuza. Gladstone naye ana yake: shule za msingi mwaka 1870, kura ya siri 1872.

Nje ya Uingereza ndiko penye ugumu. Disraeli alinunua hisa za mfereji wa Suez kwa pauni milioni 4, na serikali yake ikaingia vitani Afghanistan na kwa Wazulu. Gladstone alimshambulia vikali. Mwaka 1879, kwenye kampeni ya Midlothian, aliwaambia Waskoti kwamba uhai katika vijiji vya milimani Afghanistan ni mtakatifu mbele za Mungu sawa na wao. Naamini alimaanisha, kwani aliposhika madaraka aliondoa majeshi Kandahar, mji wa Afghanistan. Transvaal nayo, kule Afrika Kusini, aliirudishia utawala wake mwaka 1881, lakini aliwarudishia Makaburu. Waafrika wa huko hawakuulizwa.

Mwaka uliofuata manowari zake ziliipiga Alexandria kwa mizinga na Misri ikakaliwa, ilhali yeye binafsi alikuwa ameweka fedha nyingi katika hati za mikopo ya Misri. Mfanyakazi wa Manchester aliyechukizwa na sheria ya 1871 aliweza kumnyima Gladstone kura mwaka 1874. Mkulima wa bonde la Nile angemnyima nini?

Hata Uganda, ambayo Gladstone hakuitaka, iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1894, miezi michache baada ya yeye kustaafu. Waliofanya hivyo hawakuwa Conservative. Ilikuwa serikali ya chama chake mwenyewe, chini ya Rosebery, aliyemrithi uwaziri mkuu.