Wanafunzi wa Ugavi Wapelekwe Malaba

Shahada za ununuzi, usafirishaji na ugavi zimekuwa miongoni mwa kozi zinazokimbiliwa sana nchini Uganda, na kwa maoni yangu wanaozichagua hawajakosea. Kinachonitia shaka ni sababu inayowavuta huko. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003 iliagiza taasisi za serikali, wizara na wilaya zikiwemo, ziwe na vitengo vyao vya ununuzi, na vitengo hivyo vinahitaji watu wenye vyeti. Kwa hiyo kijana anayejiunga na Kyambogo, au na Shule ya Biashara ya Makerere pale Nakawa, mara nyingi huingia mwaka wa kwanza akiwaza ofisi, zabuni na, tuseme ukweli, bahasha.

Ofisi hizo zina kazi yake, lakini haziwezi kuwachukua wote, na wala si huko nchi inakoumia zaidi. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya bidhaa tunazoagiza hupitia Mombasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala, huku njia ya Dar es Salaam ikibaki ya pili, ama kwa barabara kupitia mpaka wa Mutukula, ama kwa reli hadi Mwanza na kisha meli hadi Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria.

Tulifuate kontena moja la vigae. Kontena lenyewe si mali ya mwagizaji bali la kampuni ya meli, ambayo humpa siku maalumu za kulirudisha na, zikipita, humtoza dola kwa kila siku ya ziada. Tangu Eneo Moja la Forodha, yaani mpango wa pamoja wa forodha wa nchi za Afrika Mashariki, lilipoanza mwaka 2014, ushuru hulipwa Uganda kabla mzigo haujatoka bandarini, jambo lililopunguza sana usumbufu; hata hivyo lori bado hupita mizani, bado husubiri foleni mpakani, na karatasi moja yenye uzito usiolingana na ule ulioandikwa kwenye tamko la forodha inatosha kulilaza hapo. Likishapakuliwa Kampala, mara nyingi hurudi pwani na kontena tupu, kwa kuwa kahawa, chai na bidhaa nyingine tunazouza nje hazitoshi kuyajaza malori yote yaliyoingia. Mwenye lori analijua hilo kabla hajawasha injini, kwa hiyo bei ya kuja hubeba na gharama ya kurudi, na mnunuzi wa vigae kule Mbarara hulipia safari mbili bila kujua. Mhitimu anayeweza kumtafutia mwenye lori mzigo wa kurudi nao, au kuokoa siku mbili za kontena, amekwisha kulipia mshahara wake.

Januari 2022 ilitupa somo ambalo ningependa kila mhadhiri alianzie. Madereva walipogoma Malaba na Busia, kwenye mpaka wetu na Kenya, kwa sababu ya vipimo vya Korona walivyotakiwa kulipia, matangi ya mafuta yalisimama, na katika baadhi ya miji lita moja ya petroli ilipita shilingi 10,000. Kwa siku hizo akiba ya mafuta nchini haikuwa tena mada ya mtihani.

Stoo nayo hudharauliwa bure. Kadi iliyoning'inia kwenye rafu ya dawa inasema makasha 40. Ukihesabu kwa mkono unapata 33, na manne kati yake yanakaribia kupitwa na muda huku yakiwa yamesukumwa nyuma ya yale mapya. Kanuni kwamba kinachowahi kuharibika ndicho kitoke kwanza kila mwanafunzi ataiandika bila kosa. Kuyavuta makasha hayo mbele, kumuuliza mtunza stoo yale saba yako wapi bila kumfanya adui, kisha kuandika taarifa itakayosimama mbele ya mkaguzi, ni ujuzi mwingine kabisa.

Vyuo vitasema kwamba mafunzo kwa vitendo tayari yapo. Yapo, lakini ni wiki chache za likizo, na wanafunzi wengi huzimaliza wakipiga chapa barua na kutoa nakala. Vitasema pia kwamba hakuna fedha. Sidhani kama gharama ndiyo kikwazo kikubwa, maana mawakala wa forodha na wenye maghala wanahitaji mtu wa kukagua nyaraka hata usiku, na wengi wao wangempa mwanafunzi makini nauli na chakula. Ninachodai ni muhula mmoja mzima, nusu mpakani na nusu ghalani, uhesabiwe sawa na somo lolote la darasani, na wakala au mtunza stoo aliyemfundisha mwanafunzi awe na sauti katika kumpa alama.