Saa tisa uwanjani, dakika 25 za mpira

Jumamosi iliyopita nilijikuta nahesabu muda. Sikuwa namkagua mtu, nilichoka tu kukalia zege la jukwaa la uwanja wa Nyamagana, hapa Mwanza. Tulitoka nyumbani Nyegezi saa 12 asubuhi kwa sababu kocha alitangaza saa moja kamili. Mechi ya kwanza ya watoto wa chini ya miaka 11 ikaanza saa tatu na robo. Tuliondoka uwanjani saa tisa alasiri, na ukizihesabu tangu tutoke nyumbani ni saa tisa vilevile. Katika muda wote huo mwanangu, beki wa kulia wa akiba, alicheza dakika 25. Nilizijumlisha mara mbili nikidhani nimekosea.

Jumapili ikawa misa ya kwanza, kisha boti ya kwenda kisiwa cha Saanane kama tulivyowaahidi watoto, kisha salamu kwa shangazi yao Mkolani. Jumatatu mwalimu akaniambia kijana amelala kwenye kipindi cha hesabu.

Siko peke yangu. Mwanza ya sasa ina vituo vya soka vya watoto kila upande, na mzazi mwenye kipato kidogo cha ziada anaona aibu kumwacha mtoto nyumbani Jumamosi. Wengine wanasema tunawajenga watoto, wengine wanasema tunawachosha na kuwanyima utoto. Nimekaa pande zote mbili, wakati mwingine ndani ya siku moja.

Nianze na wanaotetea, maana hoja yao ni nzito kuliko wapinzani wanavyokiri. Kando yangu jukwaani alikaa baba mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nilipolalamika kuhusu muda, alinigeukia: "Kaka, bila mechi hii mimi nisingejua mwanangu yuko wapi saa hizi. Angekuwa ziwani." Sikuwa na jibu. Anayekaa mbali anaweza kuona ziwa kama mandhari tu. Sisi tunajua mtoto asiye na ratiba ataishia kwenye maji, na maji ya ufukweni yana mambo mawili: kuzama, na kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga, ndiyo maana watoto wetu hupewa dawa shuleni. Kwa baba yule, ada ya kituo ni bei ya kujua mtoto wake alipo, hata kama dakika za kucheza ni chache.

Tena kuna lile la ndoto. Mbwana Samatta alianzia kwenye viwanja vya mtaani vya Mbagala, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa. Hapa kwetu, Alliance ya Mahina, shule yenye akademi yake, ilipandisha timu hadi Ligi Kuu mwaka 2018. Pamba, klabu ya jiji letu, nayo ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024, na tangu hapo jezi zake zimeongezeka migongoni mwa watoto. Mzazi anayeona mifano hii karibu na mlango wake hawezi kuambiwa kwamba soka ni mchezo tu.

Lakini nirudi kwenye dakika zangu 25. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kutoa jasho. Kwa kipimo hicho, siku yetu ya michezo ilikuwa siku ya kukaa. Alikaa kwenye daladala, akakaa benchi, akakaa kivulini akila mihogo ya kukaanga. Majirani zetu wanaocheza chandimu nyuma ya nyumba, goli la mawe mawili, hukimbia muda mrefu zaidi kabla ya adhuhuri, na hakuna anayewekwa akiba. Ukikosa namba unakuwa kipa.

Mtetezi atasema benchi nalo linafundisha. Ni kweli, kwa kiasi. Nilimwona mwanangu akimvua mwenzake njumu iliyombana, akikung'uta zile punje nyeusi za mpira zinazojaa viatuni kwenye nyasi bandia, kisha akampa maji yake kabla hajanywa yeye. Mtoto wa muuza dagaa na mtoto wa meneja wa benki walivaa jezi moja na kunywa chupa moja. Huko shuleni kwao hawakutani. Hilo siwezi kulipuuza. Ila somo hilo halihitaji saa tisa.

Kinachonikera ni kwamba ratiba hupangwa kwa urahisi wa wakubwa. Timu nane zinaitwa saa moja ili mratibu asihangaike kumtafuta mtu, na nusu yake zinasubiri hadi mchana, jua la Mwanza likichemsha nyasi za plastiki. Ungeita timu nne asubuhi na nne alasiri, ungerudisha nusu siku kwa kila familia bila kuongeza senti. Sijasikia sababu ya maana ya kutofanya hivyo.

Kuna na la Wasabato, ambao kanda yetu ya ziwa inao wengi. Jumamosi kwao ni ibada. Winga mzuri kuliko wote kwenye kituo chetu hukosa kila mechi, na mazoezi ya katikati ya wiki hayamsaidii kupata namba. Mechi zikihamia Jumapili watalalamika wa misa. Hapo sina suluhisho.

Na binti yangu, mwenye miaka minane. Siku nzima alishika begi la kaka yake. Nilipomuuliza alichofanya, akasema, "Nimelinda vitu." Wikiendi tunayoiita ya familia ilikuwa ya mtoto mmoja, sisi wengine tulikuwa wasindikizaji. Wanaosifu ratiba hizi hawamtaji huyu aliyekaa na begi, na wengi wa walinda mabegi kwenye jukwaa lile walikuwa wasichana.

Matembezi ya Jumapili nayo yana mizani yake. Saanane ni hifadhi ya taifa ndogo kabisa nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na boti kutoka Capri Point haichukui muda. Hata hivyo kijana alisinzia kabla hatujafika, na swala aliwaona kwa jicho moja. Aliyechangamka ni binti, na si kwa pundamilia. Alichuchumaa mbele ya mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, akamwangalia anavyopiga pushapu juu ya jiwe, karibu robo saa. Mjusi huyohuyo yuko kwenye mawe nyuma ya nyumba yetu. Mama yao alicheka, akasema tumelipa boti kuja kumwona jirani. Mimi nadhani nyumbani hatujawahi kumpa robo saa ya kuchuchumaa.

Kwa hiyo mechi sizifuti. Hoja ya baba wa Mwaloni imenishinda, na furaha ya kijana akivaa jezi Ijumaa usiku naiona mwenyewe. Kinachopunguzwa nyumbani kwetu ni kusubiri, na kurundika matembezi juu ya mechi. Saanane itangoja wikiendi isiyo na mpira. Binti amesema Jumamosi hii atabaki Mkolani kwa shangazi yake, wana rede na wamepungukiwa mtu mmoja.

Kocha ameshatuma ujumbe: saa moja kamili, asichelewe mtu. Nitamfikisha kijana saa mbili na nusu.